Naungama jambo lile lile kila mwezi: je, bado mimi ni Mkatoliki?

SWALI: Nina miaka 29, nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, na sasa ni mwalimu wa kwaya. Tangu ujana navutiwa na wanaume, si wanawake. Sijamwambia mtu yeyote isipokuwa mapadre kwenye kitubio, na kila mwezi naungama jambo hilo hilo: kwamba bado niko hivi. Padre mmoja aliniambia nifunge na kusali mpaka hali hii iondoke. Mwingine alisema nioe, mambo yatakaa sawa. Mama naye haachi kuulizia mchumba. Kuna mwanamume ninayempenda, naye ananipenda, hatujafanya lolote. Je, nachagua kati ya hali yangu na imani yangu? Na kwaya niiache? Nimechoka, asubuhi nyingine sitamani hata kuamka.

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hilo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Kutotamani kuamka kusingoje theolojia. Mtafute daktari au mshauri wa kisaikolojia wiki hii hii, na umwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba umefikia hapo. Si lazima umweleze sababu yote ndipo akae karibu nawe. Ukishafanya hivyo, rudi usome yanayofuata.

Swali lako lina jibu fupi: unaweza kubaki Mkatoliki, maana hujawahi kuacha kuwa Mkatoliki. Ubatizo haufutiki, na hakuna kanuni ya Kanisa inayomtenga mtu kwa sababu ya jinsia ya watu wanaomvutia. Jibu refu lina upande mwepesi na upande mzito, na kwenye huo mzito sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nianzie kwenye kitubio, kwa sababu hapo naona umeumia bure. Umekuwa ukiungama kitu ambacho si dhambi. Ili dhambi iwe ya mauti, Katekisimu ya Kanisa Katoliki katika namba 1857 inataka mambo matatu yawepo kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua vizuri anachofanya, na aridhie kwa hiari yake. Mvuto uliojikuta nao ukiwa kijana hauna tendo la kupimwa, sembuse hiari. Barua ya Vatikano ya mwaka 1986 kwa maaskofu kuhusu uchungaji wa watu wenye mvuto huu ilitiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa ulegevu. Barua hiyo inasema wazi kwamba mwelekeo wenyewe si dhambi. Ni kweli, sentensi hiyo hiyo inaendelea kusema kuwa mwelekeo huo una kasoro, kwa kuwa unaelekea kwenye tendo ambalo Kanisa linalihesabu kuwa ovu. Maneno hayo yanachoma, nami sina mamlaka ya kuyafuta. Hata hivyo kasoro na hatia ni mambo mawili. Pale kwenye kiti cha kitubio padre hana cha kukuondolea, na wewe kwa kurudia kila mwezi unajizoesha kuamini kwamba kuwepo kwako ndiko kosa. Wazo la tamaa ulilolikaribisha na kulikalia, picha chafu ulizotazama, tendo ulilotenda: hayo yanaungamwa, kama anavyoyaungama mwanamume mwingine yeyote. Hali yako haiungamwi.

Sasa tuyatazame mafundisho yenyewe. Yamo katika namba tatu za Katekisimu, 2357 hadi 2359, na ukizisoma hutumii dakika tano. Ya kwanza inahusu matendo: inasema kwa asili yake yana kasoro na yako kinyume na sheria ya asili, kwa kuwa yanafunga mlango wa uhai na hayatoki katika ukamilishano wa mume na mke, na kwamba hayawezi kukubaliwa kwa hali yoyote. Humo humo inakiri kwamba chanzo cha hali hii katika nafsi ya mtu bado hakijaelezeka kwa sehemu kubwa. Ya pili inahusu watu: wapokelewe kwa heshima, kwa huruma na kwa busara, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao iepukwe. Ya tatu inawaita kwenye usafi wa moyo, na inataja njia: kujitawala, urafiki usiotafuta faida, sala na neema ya sakramenti. Watu wengi wanaijua ile ya kwanza kwa moyo na hawajawahi kuisikia ya pili ikisomwa kanisani. Toleo la kwanza la Katekisimu, la mwaka 1992, lilisema pia waziwazi kwamba watu hawa hawakuichagua hali yao. Katika toleo rasmi la Kilatini la mwaka 1997 sentensi hiyo ilitoka, ikaingia nyingine inayoutaja mwelekeo kuwa na kasoro. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hasara, maana sentensi ile iliwafunga midomo watu wengi wa aina ya padre wako wa kwanza. Lakini toleo jipya halisemi popote kwamba mtu huichagua hali hii.

Kwa nini Kanisa linafundisha hivyo kuhusu matendo? Wengi hukimbilia Sodoma. Hiyo si nguzo imara kama wanavyodhani: wanaume wa Mwanzo 19 walikuja kubaka wageni, na nabii Ezekieli (16:49) anapoeleza kosa la Sodoma anataja kiburi, shibe na kutowasaidia maskini. Yapo maandiko mengine yanayosema moja kwa moja: Walawi 18:22, Warumi 1:26-27 na 1 Wakorintho 6:9-10, na wataalamu wa Biblia wanabishana kuhusu kilicholengwa hasa katika kila moja. Lakini hata ubishi huo ungemalizika leo, msimamo wa Kanisa usingeanguka, kwa sababu haukujengwa juu ya mistari hiyo pekee. Unatokana na jinsi Kanisa linavyolielewa tendo la ndoa kwa watu wote: ni la mume na mke, ndani ya ndoa, na liwe wazi kwa uhai. Kwa kipimo hicho hicho Papa Paulo VI alikataa uzazi wa mpango kwa njia zisizo za asili katika waraka wa Humanae Vitae mwaka 1968, na kwa kipimo hicho hicho uchumba wa kuishi pamoja, uzinzi na punyeto vyote vinakataliwa.

Nakueleza haya ili uone kwamba hujawekewa sheria ya peke yako. Mwimbaji wako wa besi anayeishi na mwanamke bila ndoa yuko chini ya fundisho lile lile, ila hakuna anayemwitia kikundi cha maombi. Ukali unaousikia wewe na usioelekezwa kwake umetoka kwenye woga wa watu na mazoea yao. Ile barua ya 1986, pamoja na ukali wake, inalaani matusi na mashambulizi dhidi ya watu kama wewe na inawataka wachungaji wayakemee popote yanapotokea. Tamko la Vatikano la Dignitas Infinita la mwaka 2024 linakwenda mbali zaidi: linasema ni kinyume cha utu wa binadamu kwamba katika baadhi ya nchi watu wanafungwa, wanateswa na hata kuuawa kwa sababu tu ya mwelekeo wao.

Padre wa pili alikupa ushauri ambao ningependa uutoe kichwani kabisa. Usioe ili upone. Nimekaa kwenye somo hili la maadili ya ndoa muda mrefu, na hakuna ushauri wa kichungaji unaonikera kuliko huu. Ndoa ni sakramenti ya watu wawili, na huyo wa pili ni mwanamke mwenye haki ya kupendwa na kutamaniwa na mume wake, asiye dawa ya mtu wala pazia la kumfichia siri. Tena sheria ya Kanisa yenyewe inakataa. Kanuni ya 1098 inasema anayefunga ndoa baada ya kudanganywa kwa makusudi, ili akubali, kuhusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake inaweza kuvuruga vikali maisha ya ndoa, ameifunga ndoa isiyo halali. Kanuni ya 1095 inasema mtu asiyeweza kuyabeba majukumu ya msingi ya ndoa kwa sababu za kisaikolojia hawezi kuifunga. Mahakama za Kanisa husikiliza kesi za namna hii, nazo hufika pale zikiwa na watoto ndani yake, na mwanamke aliyejilaumu kwa miaka mingi kwamba hapendezi. Padre aliyekushauri hakuwaona hao.

Kuna wanaume wenye mvuto kama wako waliooa wanawake waliojua kila kitu tangu mwanzo, wakakubaliana kwa macho mawili, na wanaishi. Siwakatai. Lakini hilo ni jambo la watu wawili wanaojuana, na wewe umeambiwa uende ukiwa umefunga mdomo. Mama akiuliza tena, mwambie kwamba hujaona njia ya ndoa kuwa yako kwa sasa na kwamba unalisali hilo. Huo ni ukweli, na hakuna amri inayokudai umpe zaidi kabla hujawa tayari. Siku ukiamua kumwambia yote, mwambie palipo na utulivu, si katikati ya ugomvi wa mchumba. Maaskofu wa Marekani waliwaandikia wazazi barua mwaka 1997, ujumbe wake mkuu ukiwa kwamba watoto hawa ni watoto wetu siku zote. Mzazi Mkatoliki anayemfukuza mtoto hana fundisho la kusimamia.

Kufunga na kusali, fanya, ila si kwa nia ya kuifukuza hali hii. Kanisa halijawahi kumwamuru mtu abadilishe mvuto wake. Hata Courage, utume wa Kikatoliki kwa watu wenye mvuto huu ulioanzishwa New York mwaka 1980 na Kardinali Terence Cooke pamoja na Padre John Harvey, unaofuata mafundisho bila kupepesa macho, hauweki kubadilika kuwa sharti. Malengo yake ni kuishi usafi wa moyo, kusali, kushirikiana, kutegemezana na kuwa mfano mwema. Nje ya Ukatoliki kulikuwa na shirika kubwa la Kikristo, Exodus International, lililojulikana kwa kuwaahidi watu mabadiliko. Lilifungwa mwaka 2013, na kiongozi wake akawaomba radhi waliojeruhiwa. Na mtu akikuambia una pepo la kutolewa, kumbuka kwamba kwa kanuni ya 1172 hakuna awezaye kumpunga pepo mtu bila ruhusa maalumu ya askofu. Kuvutiwa na wanaume si kupagawa.

Naja kwa yule unayempenda, na huu ndio upande mzito.

Fundisho la Kanisa haliruhusu muwe na uhusiano wa kimwili, wala leo, wala mkiahidiana maisha. Ningekuambia vingine ningekuwa nakupa maoni yangu na kuyaita imani Katoliki. Lakini fundisho hilo halikuambii umfute moyoni. Namba 2347 ya Katekisimu inasema usafi wa moyo huchanua katika urafiki, na Kanisa lina urithi mrefu juu ya hilo: Mtakatifu Aelred wa Rievaulx, abate wa karne ya 12 huko Uingereza, aliandika kitabu kizima kuhusu urafiki wa kiroho, naye alikuwa akizungumzia upendo wenye majina na sura, usio wa jumla jumla. Kama mnaweza kuwa marafiki wa kweli, kupikiana, kuuguzana, kusali pamoja, hakuna anayewadai muachane. Kama kila mkikaa peke yenu moyo unakwenda kwingine, hilo unalijua wewe kuliko mimi, na uaminifu unataka ujiwekee mipaka. Zungumza naye pia. Yeye hajui mapambano yako yote, na si haki akae akingoja kitu ambacho wewe umeshaamua hutampa.

Hapa nina deni la kusema kitu ambacho wahubiri hukwepa. Padre naye anaishi useja, lakini aliuchagua, akaandaliwa kwa miaka, akapewa nyumba, kazi, heshima na ndugu wa kula nao. Wewe umeambiwa ubebe mzigo unaofanana na ule, kisha ukapewa upweke na maswali ya mchumba. Katekisimu ilipotaja urafiki kati ya misaada ya usafi wa moyo haikuwa inapamba sentensi; bila watu, usafi wa moyo hugeuka kuwa ukavu, na mtu mkavu huanguka vibaya. Kwa hiyo nasema bila kusita: parokia inayokudai usafi na haikupi hata meza moja ya kukaribishwa Jumapili imetimiza nusu ya fundisho. Jenga watu wako kwa makusudi. Familia mbili tatu ambako unaingia bila kubisha hodi sana, watoto wa ubatizo unaowasimamia kwelikweli, rafiki mmoja anayejua yote.

Utakutana na Wakatoliki wanaoamini kwamba fundisho hili litabadilika au linapaswa kubadilika. Si wapagani. DignityUSA, chama cha Wakatoliki wa Marekani wenye mvuto huu, ilianza mwaka 1969 kama kikundi cha ushauri na kusaidiana kilichoongozwa na padre. New Ways Ministry, utume mwingine wa Marekani kwa watu hao, ilianzishwa mwaka 1977 na Sista Jeannine Gramick na Padre Robert Nugent, ambao mwaka 1999 Vatikano iliwazuia kufanya utume huo, na mwaka 2023 Papa Fransisko akampokea sista huyo. Hoja zao zisome ukitaka. Huwezi kukomaa katika imani kwa kuogopa vitabu. Ila usiyachukulie maneno ya papa kwa waandishi wa habari kwenye ndege kuwa yamefuta kitu. Fransisko aliposema mwaka 2013, “mimi ni nani nimhukumu?”, alikuwa akisema juu ya mtu anayemtafuta Mungu kwa nia njema. Januari 2023 alisema kuwa na hali hii si kosa la jinai. Tamko la Vatikano la Fiducia Supplicans la tarehe 18 Desemba mwaka huo liliruhusu baraka fupi, zisizo za liturujia, kwa watu walio katika mahusiano haya, likisisitiza kwamba fundisho la ndoa ni lile lile. Januari 11, 2024 maaskofu wa Afrika walitangaza kwamba kwa upande wao hawangeona inafaa kubariki wapenzi wa jinsia moja, huku wakiendelea kuhimiza mtu mmoja mmoja apokelewe. Katikati ya vumbi hilo lote, zile namba tatu za Katekisimu ziko pale pale.

Na dhamiri je? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 16, uliiita patakatifu ambamo mtu yuko peke yake na Mungu, na Katekisimu (namba 1790) inasema mtu lazima aitii hukumu ya dhamiri yake iliyo na uhakika. Namba inayotangulia kidogo inasema pia kwamba dhamiri lazima ifundishwe. Dhamiri haigeuzi ubaya kuwa wema kwa sababu moyo umetaka. Lakini ikitokea siku moja umeanguka, au hata umechagua kuishi na mtu, usije ukadhani umefukuzwa. Unaendelea kualikwa Misa, unaendelea kusali, unaendelea kuwa mwana wa nyumba. Komunyo ndiyo ambayo mwenye dhambi nzito asipokee kabla ya kuungama, kwa kanuni ya 916, na hilo halikuhusu wewe tu. Kiasi cha hatia ya mtu hupungua kwa woga, mazoea, shinikizo na mambo mengine mengi, inasema namba 1735. Kukipima ni kazi ya muungamishi anayekujua, si ya jirani kwenye benchi.

Ndiyo maana nakusihi utafute muungamishi mmoja na ukae naye. Umekuwa ukitangatanga, na kila mmoja amekupa dawa yake. Yule utakayemjaribu kwanza, msikilize mara mbili. Akikuambia wewe ni chukizo, au akakuchagulia mke, mshukuru uondoke. Siri ya kitubio inakulinda, hawezi kulitumia jambo hilo popote. Akikuuliza unasali vipi, nani anakujua, unalala saa ngapi, huyo mrudie.

Kwaya usiiache. Waraka wa Vatikano wa mwaka 2005 unaozungumzia watu wenye mvuto huu unahusu seminari na upadrisho; hauna neno juu ya mwalimu wa kwaya, na sijui kanuni yoyote inayomzuia mtu anayejitahidi kuishi imani yake kupanga sauti za Jumapili. Wanaokufahamu wakiacha kukuona pale, mama ataongeza maswali na wewe utapoteza saa chache za wiki ambazo pengine ndizo zinakushikilia.

Mwezi ujao ukipiga magoti, usianze na “bado niko hivi.” Taja ulichotenda au ulichoridhia tangu mara ya mwisho, hata kama ni hasira kwa waimbaji wanaochelewa mazoezi. Halafu sema: “Padre, navutiwa na wanaume, sikuja kuungama hilo, nimekuja kuomba unisaidie kuishi vizuri.” Kisha mwache aongee.